Mafua ya ndege: Kipimo kianzie kwa kuku wazazi, si Namanga

VIFARANGA 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali waliteketezwa kwa moto Namanga mwishoni mwa Oktoba 2017. Serikali ilisema inazuia mafua ya ndege, Kenya ikalalamika. Swali linalomjia haraka mfugaji wa Sekei au Tengeru ni hili: je, kupima damu kusingewaokoa?

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Januari mwaka huo Uganda ilithibitisha aina ya H5N8 kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na kwa bata na kuku wa kufugwa Masaka. Kenya nayo ilipiga marufuku kuku wa Uganda.

Herufi hizo, H na N, ni protini mbili zilizotokeza juu ya kirusi. H hushika seli ya ndege na kukifungulia kirusi mlango. N huachilia virusi vipya vitoke. Zamani maabara iliyotaka protini hizo kwa ajili ya vipimo ilibidi ioteshe kirusi chenyewe ndani ya mayai, kazi ya hatari. Siku hizi jeni ya H peke yake hupandikizwa kwenye seli za wadudu, nazo huitengeneza bila kuwapo kirusi hai. Protini hubandikwa kwenye sahani, hudondoshewa majimaji ya damu ya kuku, na kinga za kuku aliyewahi kupambana na aina hiyo huing'ang'ania.

Mtego uko hapo. Kinga aliyonayo kifaranga wa siku moja ameirithi kwa mama kupitia kiini cha yai. Ukimpima yeye, umempima mama. Akiwa na kinga, si lazima awe mgonjwa. Asipokuwa nayo, huenda ameambukizwa jana kwenye kreti chafu, maana kinga huchukua wiki moja hivi au zaidi kuonekana. Kirusi chenyewe hutafutwa kwa kijiti cha pamba kooni na kwa kipimo cha vinasaba, jambo lisilofanyika barabarani huku lori likinguruma.

Kwa hiyo kipimo chenye faida kwa mfanyabiashara ni cha shamba la kuku wazazi, kinachorudiwa mara kwa mara na kuthibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali, kabla yai halijaingia kwenye mashine. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Arusha. Mfugaji aulize huko kabla ya kulipia mzigo. Na anayejifariji kwamba amechanja mdondo ajue hicho ni kirusi kingine kabisa, ingawa kuku waliokufa hufanana.

Chanjo ya mafua nayo ina bei yake sokoni. Ufaransa ilipoanza kuchanja bata Oktoba 2023, kwa chanjo yenye protini ya H bila kirusi cha mafua, Marekani ilizuia mara moja kuku wake, ikihofia kwamba ndege aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi bila kuonyesha dalili. Hata hivyo chanjo ya namna hiyo inaacha alama: kuku mwenye kinga dhidi ya protini za ndani ya kirusi hakuzipata kwenye sindano, ameambukizwa kweli.