Kahawa ya Mbozi: Anayeonja ndiye anayepanga bei

MKULIMA wa kahawa wa Mbozi, mkoani Songwe, anapofikisha mzigo wake katika chama cha msingi cha ushirika, huulizwa kilo. Haulizwi ladha. Swali la ladha huulizwa baadaye, katika maabara za Bodi ya Kahawa Tanzania na za makampuni ya wanunuzi, mbele ya vikombe asivyoviona, na jibu lake ndilo linaloamua bei.

Kuonja kahawa ni kazi yenye kanuni. Kwa utaratibu unaotumika kimataifa, gramu 8.25 za kahawa iliyokaangwa kidogo na kusagwa humiminiwa mililita 150 za maji yenye nyuzi joto 93 hivi. Baada ya dakika chache mwonjaji huvunja utando wa juu kwa kijiko, hunusa, kisha huivuta kahawa mdomoni kwa kishindo na kuitema. Hurudia inapopoa, kwa kuwa kasoro nyingi hujificha kwenye joto. Sampuli moja huonjwa katika vikombe vitano. Kimoja kikitoa harufu ya uchachu, shehena nzima inatiliwa shaka. Kahawa inayofikisha alama 80 kati ya 100 huhesabiwa kuwa ya kiwango maalumu.

Hapa wengi hukosea. Daraja la AA linalosifiwa mno ni kipimo cha chekeche, yaani ukubwa wa punje. Kahawa ya B iliyochumwa ikiwa nyekundu, ikaoshwa kwa maji safi na kugeuzwa vizuri kwenye vichanja, inaweza kuishinda kwa mbali AA iliyochacha.

Thamani ya kikombe si jambo la kubuni. Aina ya Gesha, iliyokusanywa Ethiopia katika miaka ya 1930, ilipitia kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro, kabla ya kupelekwa Amerika ya Kati mwaka 1953. Mwaka 2025, shehena ya kilo 20 ya Gesha kutoka Panama iliuzwa mnadani kwa dola 30,204 kwa kilo. Mbegu hiyo ilipita mikononi mwetu! Hata hivyo, bei hiyo ni ya anasa na haiwezi kuwa kipimo cha Mbozi. Kipimo cha haki ni soko la New York, ambalo Februari 2025 lilivuka dola nne kwa ratili, sawa na dola 8.80 hivi kwa kilo, kisha kuongeza au kupunguza kulingana na kikombe.

Tatizo ni kwamba nyongeza hiyo haimfikii aliyeifanyia kazi. Tangu msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoelekeza kahawa iuzwe kupitia ushirika, walanguzi waliokuwa wakinunua kahawa ingali mtini walibanwa, na hilo ni jambo jema. Lakini pale kahawa ya wanachama wote inapochanganywa, mwenye alama 84 na mwenye 76 hulipwa wastani mmoja. Ni nani atakayerudi shambani mara ya nne kuchuma mbivu peke yake kwa malipo hayo?

Watetezi wa mfumo husema shehena ndogo hazijazi kontena, linalochukua magunia 320 ya kilo 60. Ni hoja yenye uzito, maana kutenganisha kunahitaji ghala, vitabu na watu waaminifu. Lakini hakuna ulazima wa kumtenga kila mkulima. Inatosha kutenga kundi la kijiji kimoja au la mtambo mmoja wa kumenya, kahawa yake ikobolewe peke yake na kuonjwa kabla ya mnada. Mfanyabiashara wa Tunduma hawezi kupokea mzigo mpakani bila kuufungua. Sioni kwa nini mwenye kahawa auze asichokijua.

Mbozi haianzi mikono mitupu. Kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kipo wilayani humo humo, na kiwanda cha kukoboa kipo. Kinachokosekana ni karatasi ya alama za mwonjaji kurudi chamani na kusomwa katika mkutano mkuu, sambamba na hesabu za mauzo na makato, ili mwanachama aweze kuhoji kwa nini kahawa ya alama 83 imeuzwa kwa bei ya alama 78.