Nani Ameshika Lango la Fedha Zetu?

Ndugu wananchi wa Ilala, malipo ya biashara baina ya mataifa si jambo la mabwana wa benki peke yao. Ni jambo la kila mwenye duka Mtaa wa Kongo, na la kila mama anunuaye sufuria katika duka hilo.

Tazameni safari ya fedha zetu. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiagiza mzigo Guangzhou, hupeleka shilingi zake benki zigeuzwe dola. Dola hizo haziendi China moja kwa moja. Hesabu zake hupitia benki za New York, na taarifa za malipo hupitia mtambo wa SWIFT, wenye makao yake Ubelgiji. Mnunuzi yuko Afrika, muuzaji yuko Asia, lakini lango limeshikwa na mtu wa tatu. Dola zilipoadimika nchini mwaka 2023, tulijionea wenyewe: wateja wapo, shilingi zimo sandukuni, na mzigo hauagiziki.

Tena mwenye lango aweza kulifunga. Mwaka 2012 benki za Iran zilitolewa katika SWIFT. Mwaka 2022 zikafuata benki kadhaa za Urusi, na akiba ya nchi hiyo ipatayo dola bilioni 300 ikazuiliwa. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki katika ugomvi wao. Twasema tu kwamba lango limekwisha kuwa silaha. Novemba 2024 Donald Trump alizitishia nchi za BRICS ushuru wa asilimia 100 zikithubutu kuweka fedha nyingine mahali pa dola.

Wako watuambiao, "Basi tuhamie yuan." Ni kweli China ilianzisha mtambo wake, CIPS, mwaka 2015. Lakini sisi twanunua China kuliko tunavyouza huko. Yuan hizo tutazipata wapi, ila kwa kukopa? Kubadili bwana si kuwa huru.

Historia yetu yatufundisha. Bendera tuliipandisha mwaka 1961, lakini shilingi ilikuwa bado ya Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, imefungwa kwenye pauni ya Mwingereza. Benki Kuu yetu ikafunguliwa Juni 1966. Novemba 1967 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni, shilingi yetu haikushuka nayo. Taifa changa liliweza. Sisi tunashindwa nini?

Twasema tuanze na jirani. Mnunuzi wa Lubumbashi huja Kariakoo na dola mfukoni, huku akipatana bei na mwenye duka kwa Kiswahili. Kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za humu nchini kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Ni kanuni njema, lakini ni nusu ya kazi, maana mgeni huyo bado hana budi kutafuta dola kwanza ndipo apate shilingi. Watu wasemao lugha moja wanahitaji mkalimani wa Washington?

Mtambo wa malipo wa Afrika Mashariki upo kwa zaidi ya miaka 10. Ule wa Afrika nzima, PAPSS, ulizinduliwa Accra Januari 2022, ili kila mmoja alipe kwa fedha ya kwao. Je, ni wachuuzi wangapi wa Kariakoo waliowahi kuelezwa habari zake?

Basi twadai mambo matatu. Benki ziieleze mitambo hii kwa Kiswahili, na gharama zake zibandikwe ukutani. Serikali ikazane na Kongo, mwenzetu katika Jumuiya tangu 2022, biashara yetu ilipwe kwa fedha zetu. Na viwanda vyetu vizalishe, kwani mtambo wa malipo haushoni nguo wala hausagi unga. Asiye na cha kuuza atabaki mdeni kwa fedha yoyote.

Matawi na yalijadili jambo hili, wenye maduka na waulize benki zao. Wakubwa wanagombania lango. Sisi tujenge mlango wetu.