Anayembeba mgeni naye huchoka



Desemba ikifika na shule zikafungwa, nyumba za Busawe na za vijiji vingi vya Tarime na Serengeti hujaa. Watoto waliokuwa mjini hurudi kwa babu na bibi. Mvua ikiwa imenyesha vizuri, kijana ambaye mwaka mzima hajashika kitu kizito kuliko kalamu hukabidhiwa mjeledi, akaambiwa awaswage maksai shambani. Mwenye busara hampi mgeni huyo maksai wachanga. Humpa wale waliokwisha kulima misimu kadhaa, wanaojua shamba linaishia wapi na kugeuka wenyewe wakifika mwisho. Kijana huyu anapiga kelele waende, mwenzake aliye mbele anavuta kamba wasimame, na maksai mzee hapandi hasira. Hupunguza mwendo tu. Siku ya kwanza, mwalimu shambani ni yeye, ingawa anayeshika mjeledi ni mtoto.

Farasi kwetu si wanyama wa kawaida. Mbung'o na nagana haviwapi nafasi, hasa katika wilaya inayopakana na hifadhi ya wanyamapori. Lakini ukienda Arusha na Kilimanjaro utawakuta farasi wa kupandisha wageni, na msimu wa likizo wengi wa wageni hao ni watu ambao hawajawahi kukaa juu ya mnyama yeyote. Mgeni akiogopa, huyabana mbavu za farasi kwa miguu yake. Kwa farasi aliyefundishwa, hiyo ni amri ya kwenda. Papo hapo hung'ang'ania hatamu asianguke, na lijamu linavuta kinywa. Hiyo ni amri ya kusimama. Amri mbili zinazopingana, kwa dakika moja, kutoka kwa mtu mmoja! Farasi mkali angemtupa chini. Yule wa wageni hujifunza kutozisikiliza zote mbili, akamfuata farasi aliye mbele yake, na mgeni hufika akitabasamu akidhani ndiye aliyeongoza.

Tungeweza kuishia hapo tukasifu uvumilivu. Lakini uvumilivu huo una gharama ambayo mgeni haioni. Kinywa kinachovutwta ovyo siku nyingi hufa ganzi, na mbavu zinazobanwa bila maana huacha kujali. Msimu ukiisha, mpandaji hodari anapogusa hatamu kidogo, farasi hasikii. Ndiyo maana wafugaji makini humpumzisha, kisha mtu anayejua humpanda taratibu mpaka asikie tena mguso mwepesi.

Sasa tutazame kanisani kwetu. Desemba nasi tunapokea wageni: ndugu waliotoka mjini, vijana walioacha ibada tangu Pasaka, na wale wanaokuja Krismasi tu. Sioni sababu ya kuwacheka. Lakini kuna watu wanaowabeba. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliyezoea watoto 20 anajikuta na 60. Mwinjilisti anaandaa mkesha, anapatanisha wanakwaya waliogombana, anaitwa msibani usiku. Na kila mmoja anamvuta upande wake: mmoja anataka ibada iwe fupi, mwingine analalamika kwamba mahubiri yamekatwa.

Kwetu Mara kuna mzigo mzito zaidi ya huo. Kwa baadhi ya mabinti wetu, likizo ya Desemba ni wakati wa kukimbia ukeketaji. Mugumu ipo nyumba salama inayowapokea, na wako akina mama na wachungaji vijijini ambao mlango wao ndio wa kwanza kugongwa usiku. Binti anayefika hapo ana hofu. Leo anakushika mkono hataki uondoke, kesho hataki kukuona kwa sababu anamkumbuka mama yake. Hana kosa. Lakini anayempokea anahitaji moyo mpana, na moyo huo ukivutwa huku na huku mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa, nao huweza kufa ganzi. Mtu huyo ataendelea kufungua mlango, kwa mazoea, huku hasikii tena kilio cha binti wala sauti ya Mungu wake. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko viti vitupu vya Januari.

Musa alifika hapo. Katika Hesabu 11 anamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewazaa watu hawa hata awabebe kifuani kama mlezi, na anasema wazi kwamba mzigo umemshinda. Angalia Mungu alichofanya: hakumkemea kwa udhaifu. Alimwagiza akusanye wazee 70 wabebe pamoja naye. Tunapenda sana kumwombea mtumishi apewe nguvu, na ni vyema. Mungu alimpa Musa watu.

Yakobo naye, katika Mwanzo 33, alipoalikwa na Esau wafuatane, alikataa kwa upole. Alijua ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, na kwamba wanyama wakikimbizwa hata siku moja tu, wangekufa. Akachagua kwenda kwa mwendo wa watoto na wa wanyama pia. Huwa tunamkumbuka mtoto katika habari hiyo na kumsahau mnyama. Sheria haikumsahau: Kutoka 23 inaagiza ng'ombe na punda wapumzike siku ya saba, kabla hata ya kumtaja mtumwa na mgeni.

Basi kabla ya Krismasi, wazee wa kanisa wakae na orodha ya zamu. Jina lililojitokeza mara nne lipunguzwe, na wale wenye nguvu wanaokaa viti vya nyuma waitwe kwa majina yao. Mama anayepokea mabinti apelekewe debe la mahindi na mtu wa kulala zamu naye, asipelekewe pongezi tu. Na Jumapili ya kwanza ya Januari mwalimu wa watoto akae kwenye benchi kama muumini mwingine, ahubiriwe yeye, aombewe yeye, na watoto afundishe mtu mwingine.