Soma Cheti Kabla ya Kuuza Mtamba



Mwezi huu sisemi habari ya kahawa wala migomba. Nasema habari ya ufundi wa kompyuta. Usicheke. Siku hizi wazazi wengi huku miteremkoni mwa Mlima Meru wananiuliza swali moja: "Bwana shamba, kihamba ni ekari moja na watoto ni wanne. Huyu mmoja anataka kwenda Arusha mjini kusomea ufundi wa kompyuta. Nimpeleke?"

Jibu langu ni ndiyo. Lakini ujue kwanza unanunua nini.

Mzee mmoja jirani yangu aliuza mtamba wa maziwa. Akamlipia kijana wake karo ya miezi sita katika chuo kimoja cha mjini. Kijana akarudi na cheti kizuri chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Wiki mbili baadaye kompyuta ya chama chetu cha ushirika ikakataa kuwaka, na siku ya malipo imefika. Tukamwita kijana wetu. Akasimama mbele ya mashine, mikono mfukoni. Kumbe miezi sita yote alifundishwa kupiga chapa barua na kupanga hesabu. Hakupata kufungua kompyuta hata siku moja!

Fundi akaja kutoka mjini. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, akachomoa kipande kimoja cha kumbukumbu, akakifuta na kukirudisha. Mashine ikawaka. Tangu siku ile kijana yule hapiti karibu na ofisi ya chama.

Nilikiomba cheti chake nikakisoma. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili kinasema "amehudhuria". Hakisemi "amefaulu". Basi mtu akihudhuria mkutano wa kijiji amekuwa mwenyekiti? Ukiletewa cheti cha Kiingereza, mwombe mwalimu wa shule akusomee neno hilo.

Wazee wengine hawajaizoea mashine hii, wala si kosa lao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zilikuja kuenea miaka mingi baadaye. Leo zimo katika zahanati, shule na ofisi za ushirika. Zote hula vumbi, na umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huziumiza. Kazi ya fundi ipo.

Fundi mzuri hufanya kazi kama sisi mabwana shamba. Majani ya mbuni yakiwa manjano, hatukimbilii bomba la dawa. Twageuza jani. Tukiona unga wa rangi ya chungwa chini yake, hiyo ni kutu ya majani. Tusipouona, huenda mbuni una njaa ya mbolea. Fundi naye huuliza kwanza: ilianza lini? Nani aliitumia mwisho? Kisha hukisia sababu, huijaribu, hupanga la kufanya na hutengeneza. Akimaliza huhakikisha kila kitu kinafanya kazi, halafu huandika daftarini alichokifanya. Wengi huliruka daftari. Mwakani ugonjwa ukirudi, wanaanza upya.

Tena fundi huchomoa waya wa umeme kabla ya kufungua. Hugusa chuma cha kasha, maana mwili wa mtu hubeba umeme mdogo unaoweza kuua vipande vya ndani. Kisanduku kinachopokea umeme hakifungui ovyo. Hata kikichomolewa, umeme hubaki ndani.

Sasa vyeti. Upo mtihani wa mafundi wanaoanza uitwao A+. Hutolewa na shirika la Marekani liitwalo CompTIA, na ulianza mwaka 1993. Hauulizi umesoma hadi darasa la ngapi. Una sehemu mbili. Kila sehemu ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Alama za juu kabisa ni 900. Sehemu ya kwanza hufaulu mwenye 675, ya pili mwenye 700. Hakuna mtihani wa Kiswahili, basi kijana ajue Kiingereza cha kutosha. Ada ya kila sehemu ni zaidi ya dola 200 za Kimarekani. Hizo si fedha ndogo. Cheti hudumu miaka mitatu, kisha lazima kihuishwe.

Angalia pia kitabu, kama unavyoangalia tarehe kwenye pakiti ya mbegu. Mtihani wa sasa una namba 220-1201 na 220-1202. Ulianza Machi 2025. Ule wa 1101 na 1102 ulikoma Septemba 2025. Usikubali kuuziwa kitabu cha zamani kwa bei ya kipya.

Si lazima kuanza na mtihani wa Marekani. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978, hufundisha masomo ya kompyuta kwa waliofaulu kidato cha nne. Mimi ningeanzia hapo kuulizia. Kuhusu chuo kingine chochote, uliza kama kimesajiliwa na NACTVET, na uombe kuiona namba ya usajili. Kisha ingia karakana. Je, kuna kompyuta zilizofunguliwa? Wanafunzi wangapi hutumia mashine moja? Nani anatunga mtihani wa mwisho? Ukiambiwa karakana imefungwa leo, rudi kesho. Ukiambiwa hivyo mara ya pili, rudi nyumbani na fedha zako.

Jirani yangu ana mtamba wa pili, na binti yake mdogo amemaliza kidato cha nne mwaka jana. Jumatatu tunashuka mjini sote watatu kuangalia vyuo. Mtamba tumemwacha zizini. Binti amekwisha azima bisibisi yangu, na redio yangu ya zamani ameifungua yote mezani.