Toleo la kwanza lisifichwe

Anayedai kwamba filamu ni ya mwongozaji, hivyo toleo lake la mwisho latosha, amewasahau watazamaji. Katika Star Wars ya 1977, mhusika Han Solo anamwahi adui yake Greedo na kumpiga risasi. Toleo la 1997 likamfanya Greedo atangulie, na tabia ya Han ikageuka. Mwaka 1988 mwongozaji wake mwenyewe, George Lucas, aliliambia Bunge la Marekani kwamba kazi za sanaa za nchi hiyo ni mali ya umma. Utasema msanii ana haki ya kusahihisha kazi yake. Anayo, lakini kusahihisha si kufuta. Blade Runner ya 1982 ilipotolewa upya 2007, matoleo matano yaliuzwa katika kasha moja, na hakuna aliyedhulumiwa. Studio zifuate mfano huo.