Mkulima na Chombo Chake cha Maji

Maneno haya yakuhusu wewe ambaye shamba lako limepakana na maji: wewe wa mwambao wa Ziwa Victoria, wewe wa bonde la Kilombero, wewe wa kinamasi cha Yala, na kila mtu aliye na bwawa au mto karibu na mlango wake. Shamba ndilo ghala lako la kwanza, na maji ni ghala la pili. Humo hupatikana samaki wa kitoweo na wa kuuza. Humo hushuka bata mwitu wakati mpunga unapokomaa. Tena mara nyingi hiyo ndiyo njia fupi ya kupitishia magunia mpaka mwaloni. Lakini ghala hili la pili halifunguliwi bila chombo, na chombo kibaya humfungia mtu ndani yake milele.

Siku hizi twaulizwa juu ya vyombo vidogo vilivyotengenezwa kwa bati la alumini, yaani madini yale yale ya sufuria za jikoni. Je, vyamfaa mkulima mdogo? Shauri letu ni hili: chombo cha alumini chenye tako pana la bapa chafaa sana kwa maji matulivu yenye kina kidogo, wala hakifai kabisa kwa ziwa lililo wazi. Basi mtu atazame maji yake kwanza, halafu ndipo atazame chombo. Mtu afanyaye kinyume cha hayo hujinunulia msiba kwa fedha yake mwenyewe.

ASILI YA VYOMBO HIVI

Mwaka 1886 Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, waligundua namna ya kupata alumini kwa nguvu ya umeme, na tangu hapo madini hayo yakawa rahisi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kampuni ya Grumman ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza ndege za vita, ilianza kutengeneza mitumbwi kwa mabati ya namna ile. Baadaye wavuvi na wawindaji wa bata wa nchi ile walivipenda sana vyombo vya alumini vyenye tako la bapa, maana hupita katika matete na maji haba ambamo chombo cha mkuku hukwama.

Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba sifa ya chombo husafiri upesi kuliko maji yake. Maji ya kinamasi cha Minnesota si maji ya Ukerewe.

YATAZAME MAJI YAKO

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Maji mapana yasiyo na kina kirefu huchafuka upesi upepo uvumapo, na mawimbi yake huwa mafupi na makali. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku dhoruba za ngurumo hukusanyika juu ya ziwa mpaka alfajiri. Chombo cha tako la bapa hupigwa na mawimbi hayo kama ngoma, na omo yake iliyo fupi huruhusu maji kuingia. Kwa maji ya namna hiyo mashua ndefu ya mbao yenye mkuku, kama ile ya Sese ambayo watu wa ziwa wameijua kwa muda mrefu, ni bora mara nyingi.

Lakini kama maji yako ni ghuba iliyojificha, au mto wa polepole, au kinamasi cha matete, au bwawa la kumwagilia, hapo chombo cha bapa chakushinda kwa faida. Kikiwa na watu wawili huzama kiasi cha shibiri moja tu, au pungufu. Hakiyumbi mtu anapoinama kuvuta wavu. Chasukumwa kwa upondo mahali ambapo kafi haina nafasi. Tena katika maji yaliyojaa magugu maji, ambamo panga la mashine hunaswa, upondo hupita.

Kuna maji ya namna moja ambayo chombo cha alumini hakipaswi kuyagusa, nayo ni maji ya magadi, kama ya Natron, Magadi na Bogoria. Mama wa nyumba ajua kwamba sufuria ya alumini iliyopikiwa magadi hubadilika rangi na kuchimbika. Ndivyo litakavyokuwa bati la chombo chako.

MTUMBWI WA MTI AU BATI?

Wako wazee wasemao kwamba mtumbwi wa gogo watosha, wala hatuwezi kuwadharau. Mtumbwi hutengenezwa na fundi wa kijijini. Ukitoboka huzibwa papo hapo. Na ukijaa maji huelea, kwa sababu mti ni mwepesi kuliko maji. Lakini miti mikubwa iliyonyoka imekwisha mahali pengi, na kuangusha mvule mmoja kwa ajili ya mtumbwi mmoja ni hasara kwa wajukuu. Tena gogo ni zito, huoza, huliwa na wadudu, na tumbo lake la mviringo hugeuka upesi mtu akiegemea upande mmoja.

Chombo cha alumini cha futi 12 huwa na uzito wa kilo 50 hadi 70 au karibu na hapo. Watu wawili hukibeba mpaka nyumbani, hata mwivi asikikute ufukoni. Hakiozi, hakiliwi na mchwa, wala hakihitaji kalafati kila msimu. Lakini ujue aibu yake: alumini yenyewe haielei. Chombo hicho kikijaa maji huzama kama sufuria, isipokuwa kimetiwa povu gumu au vyumba vya hewa vilivyozibwa chini ya viti. Kwa jambo hili hapana masahihisho baada ya ajali.

JINSI YA KUKIPIMA KABLA YA KULIPA

Kwanza, pima upana wa tako, si upana wa juu tu. Wauzaji hupenda kutaja urefu; lakini kinachomshika mtu asianguke ni upana wa chini. Kwa kazi ya uvuvi na shamba twaona futi 12 au 14 za urefu zatosha, na tako lisipungue futi 3 na nusu.

Pili, tafuta idadi ya watu. Iko kanuni nyepesi kwa chombo cha tumbo moja kilicho chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana wa juu, kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Chombo cha futi 12 kwa futi 4 hufanya 48. Ukigawanya kwa 15 wapata 3 na kidogo. Basi ni watu watatu, wala si wanne, nayo ni kwa maji matulivu tu. Gunia la mpunga hulihesabu kuwa mtu mmoja na zaidi. Ukiwa na magunia mawili, nafasi iliyobaki ni yako peke yako.

Tatu, omba kukijaribu majini, mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Kijaze maji mpaka ukingoni. Kikibaki kikielea, hata kama kimezama mpaka mdomoni, povu lake ni zima, nawe ukipatwa na ajali utapata pa kushika. Kikienda chini, usikinunue. Muuzaji akikataa jaribio hili, amekwisha kukujibu.

Nne, tazama viungo vyake. Vyombo vingine hufungwa kwa ribiti, vingine huchomelewa. Ribiti hulegea na kuvuja kwa miaka mingi ya kugongwa, lakini fundi mwenye nyundo mbili aweza kuzikaza. Kiungo kilichochomelewa ni imara zaidi, ila kikipasuka hutaka karakana yenye gesi maalumu, nayo huenda iko mjini mbali. Mtu akaaye mbali na mji asiogope ribiti.

KUKITUNZA

Alumini hujifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba sana inayozuia kutu. Kazi yako ni kutoiharibu ngozi hiyo. Usisugue kwa majivu wala sabuni ya magadi. Usipakie chokaa au saruji bila turubai chini yake. Usiache samadi mbichi ndani. Usipige misumari ya shaba, wala usipake rangi yenye shaba. Na maganda ya risasi au sarafu zilizoanguka chini ya ubao uziokote, maana shaba ikikaa juu ya alumini katika maji hulitafuna bati mpaka litoboke. Mtu wa pwani aoshe chombo kwa maji baridi kila atokapo katika maji ya chumvi.

Ukitoka majini kipindue juu ya magogo mawili, pasipo jua kali. Ndani utandike mkeka mkuukuu au magunia, kwa kuwa bati hupiga kelele, na kelele hiyo huwafukuza samaki na ndege pia.

KUHUSU BATA

Bata miluzi, na yule bata mkubwa mwenye mwiba ubawani, hushuka penye mpunga, na mkulima huona kwamba wanamwibia. Hata hivyo ndege wa porini si mali ya mtu mmoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kabla ya kuwinda. Nchini Kenya sheria imekuwa kali tangu mwaka 1977, uwindaji ulipokatazwa. Usiguse hata ndege mmoja kabla ya kumwuliza afisa wa wanyamapori wa mahali pako. Mara nyingi utaona kwamba kuwafukuza kwa kelele mapema asubuhi hutosha.

Mwenye kibali na bunduki ya halali ashike haya. Apige akiwa ameketi, akielekea omo au tezi, kwa sababu kishindo cha bunduki kikielekea ubavuni huweza kukipindua chombo. Bunduki iwe moja tu, nayo isiwe na risasi ndani wakati chombo kinasukumwa. Apake chombo rangi ya matope au ya matete, maana bati ling'aalo huonekana kutoka mbali. Tena asitumie marisau ya risasi: chembe zake huanguka matopeni, bata huzimeza wakidhani ni changarawe, nao hufa kwa sumu miezi mingi baada ya mwindaji kwenda zake.

JUU YA FEDHA

Chombo cha alumini ni ghali kuliko mtumbwi, nasi hatumshauri mkulima yeyote kuweka shamba lake rehani kwa ajili yake. Shamba hulisha kila mwaka. Chombo huweza kuibwa usiku mmoja. Njia iliyo bora ni majirani watatu au wanne kununua kimoja kwa shirika, na kuandika tangu mwanzo ni nani atakitumia siku gani, na nani atalipa kikiharibika. Usinunue mashine mwaka wa kwanza. Jifunze chombo kwa upondo na kafi. Mashine huongeza uzito tezini, hutaka mafuta kila siku, na humtia mtu tamaa ya kwenda mbali kuliko chombo chake kiwezavyo. Tena kabla ya kuvua, pata leseni na kusajiliwa kwa afisa uvuvi wa wilaya.

NENO LA MWISHO

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake, na zaidi ya watu 200 walikufa hali nchi kavu ilikuwa ikionekana. Ikiwa chombo kikubwa hakikustahimili mzigo uliozidi, chombo chako cha futi 12 kitastahimilije?

Kwa hiyo kila mtu ndani ya chombo avae jaketi la kujiokolea, si kulikalia. Liwepo kopo la kukombea maji, limefungwa kwa kamba. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Wingu likisimama juu ya ziwa, rudi, hata kama wavu haujavutwa.

Samaki wa leo akikuponyoka, kesho yuko mwingine. Watoto wako hawana baba mwingine. Chagua chombo kinacholingana na maji yako, ukipakie kwa kiasi chake, nacho kitakutumikia miaka mingi.