Ndege Ikitikisika, Rubani Anafanya Nini?

Familia nyingi zinazojiandaa kupanda ndege mara ya kwanza zinauliza: "Ikianza kutikisika huko juu, si itaanguka?" Mwezi huu tujibu swali hilo.

Hewa inakwenda kama maji. Waliovuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wanajua mawimbi yanavyopandisha na kushusha chombo. Hewa nayo ina mawimbi yake. Ila ndege siyo mtumbwi, haijai maji. Hata mabawa yake yametengenezwa yapinde. Ukiyaona yanachezacheza, usiogope.

Rubani hujitahidi kuukwepa msukosuko. Kabla ya kuruka anasoma habari za hali ya hewa. Akiwa angani, rada iliyo puani mwa ndege inamwonyesha mawingu ya mvua. Ndege kubwa huruka kilomita 10 hadi 12 juu, lakini mawingu ya radi ya kwetu huweza kupita kilomita 15. Kuyaruka hawezi, basi anayazunguka kwa mbali, kama kilomita 37 hivi. Hewa ikichafuka anapunguza mwendo, kama dereva kwenye barabara ya mashimo, au anaomba ruhusa ya kupanda ama kushuka.

Lakini rada inaona mvua, upepo mtupu haiuoni. Kuna msukosuko unaotokea hata mbingu ikiwa nyeupe. Marubani walio mbele huwaonya wa nyuma kwa redio, ila mara nyingine onyo halipo.

Tarehe 21 Mei 2024, ndege iliyotoka London kwenda Singapore ilikumbwa ghafla juu ya Myanmar. Haikuanguka, ilitua Bangkok. Lakini abiria mmoja alifariki na makumi waliumia. Wasiofunga mikanda walirushwa juu kutoka vitini.

Kwa hiyo wazazi, shikeni haya:

- Ukikaa, funga mkanda, hata kama taa yake imezimwa. Ukilala pia.
- Mtoto mwenye kiti chake afungwe mkanda wake, asichezecheze njiani.
- Mama mwenye kichanga, usimzungushie mkanda wako, utambana tumbo. Omba mkanda wa mtoto kwa wahudumu. Usipojua lugha yao, onyesha kwa mkono tu, wataelewa.

Rubani ana rada, sisi tuna mkanda. Kila mtu na kazi yake. Tukutane mwezi ujao!